Bibi Geumrye Alivyojitia Uzima

"Nimesugua wanawake wa mji huu wote, mbele na nyuma! Lakini mimi, Tak Geumrye, hatatokea binadamu wa kunisugua. Atakayenigusa mgongo ni mwosha maiti, na yeye atangoja sana!"

Aliyasema hayo jukwaani, kipaza sauti mkononi, siku ya sherehe ya wachimba makaa, mwaka ambao mgodi wa pili ulikuwa bado haujafungwa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mikono ya baunsa, na alikuwa ametoka kuimba wimbo wa mapenzi kwa sauti ambayo mpiga kinanda aliitafuta mpaka akakata tamaa. Mji mzima wa Cheolgok ukapiga makofi. Wanaume wakapiga miluzi. Wahenga walishasema mwosha huoshwa, ila wahenga hawakualikwa kwenye sherehe ile, na hata wangealikwa, Geumrye angewanyang'anya kipaza sauti.

Alipewa zawadi ya tatu, sufuria ya umeme ya kupikia wali. Sufuria ilidumu miaka kumi na tisa. Majigambo yalidumu ishirini na sita.

Alifika Cheolgok akiwa bibi arusi wa miaka ishirini na miwili, kuolewa na mtu aliyemwona kwenye picha. Mshenga alisema bwana anafanya kazi ofisi ya mgodi. Hakudanganya sana. Bwana alifanya kazi hapo hapo ofisini, ila mita mia nne chini ya sakafu yake. Miaka kumi na moja baadaye mapafu yakamchukua, akaacha mke, binti wa miaka sita aitwaye Hyeongsuk, na jozi ya buti ambazo hakuna aliyezitaka. Geumrye akaenda kuchambua mawe kwenye mkanda wa makaa pamoja na wajane wenzake. Jumamosi moja alipokwenda kuoga kwenye hamamu ya mjini, mwenye hamamu akamtazama anavyojisugua mgongo, akamwambia, "Mama wee, mikono kama hiyo unaipoteza kwenye mawe?"

Basi. Miaka thelathini na mitano aliyoifanya baada ya hapo aliifanya amevaa nguo za ndani nyeusi tu, ndani ya mvuke, mkononi kitambaa cha kijani kinachokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mbele yake kitanda cha plastiki cha rangi ya waridi, na juu ya kitanda mwanamke mmoja baada ya mwingine, kama samaki sokoni. Hakuwa na muda wa maneno. Kofi moja la paja maana yake geuka upande. Makofi mawili, lala kifudifudi. Kofi la mgongoni lenye mlio, nimekumaliza, nenda. Mke wa mkuu wa mgodi alipigwa makofi yale yale aliyopigwa mke wa msukuma toroli, na wote wawili walitii.

Aliona kila kitu. Aliona mimba kabla ya waume kuziona. Aliona mabaka ya ngumi. Mabaka hayo aliyapita kwa upole bila kuuliza, na jioni akamtumia mume wa yule mwanamke salamu, kwamba kama ana nguvu nyingi hivyo, aje asuguliwe yeye. Hakuna aliyekuja. Wawili watatu waliacha kupiga.

Kisha migodi ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Watu wakahama. Kiuno cha Geumrye kikagoma, akaacha kazi akiwa na miaka sabini. Hamamu yenyewe ikafungwa mwaka wa barakoa. Na majira ya kuchipua yaliyofuata, akiwa anaosha kabichi ya kuchachusha kimchi, mkono wake wa kushoto ulidondosha kabichi na haukuiokota. Kiharusi.

Kilimwachia upande mmoja tu wa kuaminika. Mkono wa kushoto ukawa kama wa kuazima, mguu ukawa unaburuzwa. Ofisi ya bima ya matunzo ikampa daraja la nne, na daraja la nne likamletea Mama Ujin, masaa matatu kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, serikali ikilipa sehemu kubwa.

Mama Ujin alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye cheti cha uuguzi wa wazee na historia ya kuuza kuku wa kukaanga mpaka duka likafa. Alikuwa na mikono ya haraka na mdomo usiolala njaa. Mwezi wake wa kwanza alimpikia Geumrye, akamfulia, akampeleka chooni. Kuogeshwa, Geumrye alikataa katakata. Alijifuta mwenyewe kwa kitambaa chenye unyevu, upande aliofikia.

"Mama," Mama Ujin alimwambia siku moja, akimbadilisha shati, "upande huu wa kulia unanuka mtu, upande huu wa kushoto unanuka kinyesi cha panya."

"Usininuse."

"Sinusi. Inakuja yenyewe."

Ilikuwa mwezi wa sita, joto. Geumrye akaugeukia ukuta, akasema, "Funga mlango."

Akakalishwa kwenye kigoda cha plastiki bafuni. Mama Ujin akavaa kitambaa cha kijani mkononi, akaanza begani.

"Unabembeleza paka?"

"Naogopa kukuchubua, Mama."

"Ngozi hii imeoga makaa. Kandamiza. Toka chini kwenda juu. Hivyo! Unaona yanavyotoka? Sasa unasubiri nini?"

"Nasubiri ugeuke."

"Sigeuki mpaka unipige."

Mama Ujin akafikiri bibi amechanganyikiwa. Geumrye akamfundisha, kofi moja, makofi mawili, akimpigia mfano kwenye paja lake mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila Jumanne na Ijumaa, majirani wa ghorofa ya pili walisikia makofi kutoka bafuni, wakadhani serikali imeanza kulipa watu wapige wazee. Baada ya kuoga Geumrye alilazwa kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, nywele zimelowa, na hapo alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala kwa miaka mingi. Hakushukuru. Ila Mama Ujin akichelewa hata dakika tano, alimkuta ameketi ameukazia mlango macho.

*

Barua ya ofisi ya bima ilikuja mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, pamoja na theluji ya mwisho. Muda wa daraja unakwisha. Afisa atakuja Jumanne saa nne asubuhi kuuliza maswali na kutazama mwili unavyofanya kazi.

Kila mzee wa Cheolgok anajua maana ya barua ile. Ukionekana mgonjwa, unabaki na msaidizi wako. Ukionekana mzima, unapewa pongezi na mlango unafungwa. Ni mtihani ambao anayefeli ndiye anayefaulu, na kizazi kile kilichopigwa fimbo ili kifaulu hakiuwezi kabisa.

Hyeongsuk alipiga simu kutoka Changwon, ambako anapikia watoto mia sita wa shule.

"Mama, nisikilize. Jumanne usijitie msichana."

"Nani anajitia?"

"Wewe. Daktari akikuuliza unaumwa wapi, unamwambia yeye ndiye amekonda."

"Kwani uongo? Hakukonda?"

"Mama! Usichane nywele. Usipake rangi ya mdomo. Lala. Ukiulizwa kama unaweza, sema siwezi. Ni neno moja tu."

"Ni neno baya."

"Baya ni Mama Ujin kuacha kuja! Asubuhi mwili ukiwa mgumu kama samaki mkavu, nani atakupeleka chooni? Nani atakuosha? Mimi niko mbali, masaa matano kwa basi. Na mama mkwe wangu hapa hajui tena kama mimi ni mkwe au mwizi."

Geumrye alikata simu. Kisha akamwita Bibi wa Yeongwol, jirani wa mlango wa pili, ambaye mwaka uliopita alitoka kwenye mtihani huo na daraja la tatu, lenye msaada mwingi kuliko la nne.

"Mimi nilimwita afisa shemeji," Bibi wa Yeongwol alieleza, akimenya chungwa. "Akaniuliza leo siku gani, nikamwambia siku nzuri ya kupanda vitunguu. Akaniambia nisimame, nikalia. Shuleni nilikuwa wa mwisho, shoga, lakini siku ile nilikuwa wa kwanza."

"Ulikuwa unaigiza, au ndivyo ulivyo?"

Bibi wa Yeongwol aliacha kumenya. "Hata mimi sijui," akasema.

Basi wakakubaliana wote, binti, msaidizi na jirani, kwamba Jumanne Geumrye atalala chali, nywele ovyo, na atasema siwezi. Yeye mwenyewe akakubali. Alifanya hata mazoezi. Jumatatu mchana Mama Ujin alimuuliza, "Bibi, unaweza kuvaa soksi?" na Geumrye akamjibu, "Siwezi," kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kula sabuni.

*

Jumanne alianza na kitana tu.

Mgeni anakuja, akawaza, na hata mgonjwa haruhusiwi kuwa kichaka. Akachana kwa mkono wa kulia. Nywele zilipokaa, shati likaonekana chakavu, akavuta blauzi ya zambarau kutoka kwenye droo ya chini. Kuivaa kulimchukua karibu saa nzima, akipigana na ule mkono wa kuazima kama anamvika mtoto mtukutu. Vifungo vilipokwisha, uso ukaonekana mweupe kama wa marehemu juu ya zambarau ile, na marehemu hapokei wageni. Akapaka rangi ya mdomo.

Mama Ujin alifika saa tatu, akasimama mlangoni na viatu mkononi.

"Mama, unaolewa?"

"Nimechana nywele tu."

"Na huo mdomo?"

"Ulikuwa mkavu."

"Ufute, Mama. Nakuomba. Futa, nikulaze."

"Nitaufuta."

Hakuufuta. Muda ulikwenda kwenye uji, na dawa, na ubishi, hata kwenda chooni hakukufanyika. Mama Ujin alipomjia na kitambaa chenye maji, kengele ya mlango ililia, robo saa kabla ya wakati. Maafisa wa siku hizi hawachelewi hata kidogo, ndio ubaya wao.

Akaingia binti wa miaka thelathini hivi, koti la bluu, tableti kifuani. Akavua viatu, akainama kusalimu, akainua uso, na uso wote ukafunguka.

"Bibi wa hamamu! Jamani! Hunikumbuki? Mimi Dayeon, mtoto wa Seok, yule fundi wa lifti ya mgodini. Kila mwaka mpya ukikaribia, mama alinileta kwako, nalia mpaka napewa maziwa ya ndizi!"

Geumrye akamtazama kuanzia nywele hadi soksi. Nyuso alizisahau zote, lakini migongo hakusahau hata mmoja.

"Una alama nyeusi begani, kama punje ya maharage."

Dayeon akaziba mdomo. "Ipo mpaka leo, Bibi!"

"Mama Ujin, kahawa," Geumrye akaamuru, amekaa wima. "Mtoto wangu amekuja."

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, ingawa kwa dakika zile chumba kizima kilikuwa kinacheka.

"Bibi, nitakuuliza mambo ya kila siku. Kuvaa nguo, unavaa mwenyewe?"

"Hii blauzi ilitembea yenyewe?"

"Kunawa uso?"

"Nimekunawisha wewe na kamasi zako, nishindwe na uso wangu?"

Dayeon akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono. Akaandika. "Nibane mkono, Bibi, kwa nguvu zako zote."

Geumrye akautoa mkono wa kulia. Akambana binti mpaka akapiga kelele, kisha, kabla hajajizuia, akampandishia mkono wa koti na kumsugua kwa kidole gumba, chini kwenda juu, mara tatu. Uchafu ukatoka, vijiti vya kijivu.

"Wiki mbili," akatangaza. "Na umeshapata kazi ya serikali!"

Mkono wa kushoto aliuweka chini ya mto. Dayeon aliuliza habari zake, akaambiwa unapumzika.

Ndani ya kifua cha Geumrye kulikuwa na mtu anayepiga mlango. Sema huwezi. Mwambie kuhusu kigoda cha plastiki. Mwambie ulivyodondoka mwezi wa kumi na mbili ukakaa sakafuni mpaka Mama Ujin alipokuja. Aliyasikia yote, na alikubaliana nayo yote. Lakini mdomo ulishatangulia kutoka nyumbani, na yeye akabaki nyuma, anaukimbilia kwa mguu mmoja. Angesemaje siwezi kwa mtoto huyu, ambaye yeye mwenyewe alimlaza kwenye kitanda cha waridi kwa mkono mmoja kama mkate?

Dayeon hakuwa mjinga. Aliweka tableti magotini, akainama mbele, akashusha sauti.

"Bibi, usinionee haya. Wazee wengi wakituona wanajikaza. Siku mbaya zipo, sivyo? Nakuuliza taratibu. Kuoga. Nani anakuogesha?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ilibaki kupita tu.

"Najiogesha," akasema Geumrye.

Mama Ujin, aliyekuwa amesimama na sinia, hakuvumilia. "Afisa, samahani. Kusema kweli, mimi ndiye ninaye..."

"Usimsikilize huyo. Anaogopa kitumbua chake kuingia mchanga."

Mama Ujin aliweka sinia mezani polepole. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Ni kweli kwamba saa za Geumrye ndizo zilizokuwa riziki yake, na maafisa wanafundishwa kusikiliza kwa uangalifu maneno ya mtu anayetetea riziki yake. Hakuna alichoweza kusema tena ambacho kisingesikika kama kitumbua. Akaenda jikoni, akafungua bomba.

"Choo, Bibi?"

Geumrye akajibu kwa vitendo. Akasimama. Kwa nguvu za wapi, hata yeye hakujua. Akaenda hatua tisa hadi mlango wa choo, bega likiteleza ukutani kama anautegemeza ukuta usianguke, akageuka, akarudi hatua tisa. Kutumia choo chenyewe hakuthubutu, maana pale angekwama na wote wangesikia. Akaketi, akatabasamu kwa rangi yake ya mdomo.

"Jamani, Bibi," akasema Dayeon, kwa furaha ya kweli. "Wote wangekuwa kama wewe!"

Aliandika alichokiona. Alichokiona kilikuwa kizuri sana.

Geumrye alimsindikiza mpaka mlangoni. Akasimama ameshika kabati la viatu, akapunga mkono, akasikia hatua za binti zikishuka ngazi hadi zikaisha. Mlango ukafungwa. Mkono ulioshika kabati haukuweza kuachia.

"Mama Ujin."

Mama Ujin alitoka jikoni, akatazama uso wake, kisha akatazama chini. Soksi zilikuwa zimelowa, na maji yalikuwa yanafuata mchirizi wa sakafu kuelekea kwenye viatu. Akachukua kitambaa. Kisha akamkumbatia kiunoni, akambandua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye kabati, akambeba nusu nusu mpaka kitandani.

"Yale maneno ya kitumbua," Geumrye alianza, akitazama dari.

"Inua mguu, Mama."

"Sikumaanisha..."

"Huo mwingine."

Siku mbili hakuinuka. Mama Ujin alibadilisha mashuka mara nne, akayaanika kwenye kibaraza. Afisa, ambaye alistahili kuyaona, alikuwa amekwenda vijiji vya juu.

*

Barua ya pili ilikuwa fupi. Nje ya daraja. Hongera kwa kutunza afya yako.

"Ulimpikia na chakula?" Hyeongsuk alipiga kelele kwenye simu.

"Kahawa tu."

"Kahawa tu! Mama, nilikuomba neno moja. Moja!"

"Yule mtoto nimemsugua mimi..."

"Basi na aje akusugue yeye!" Kisha sauti ya mtu mzima anayelia huku masufuria yakigongana nyuma yake. Geumrye alishika simu mpaka ikakatika.

Hyeongsuk aliomba ruhusa ya siku moja kazini, akaja na cheti cha daktari, akapanda mpaka dirisha la ofisi. Akarudi akaketi kando ya kitanda na koti lake.

"Wanasema tunaweza kupinga. Majibu ndani ya siku tisini."

"Na siku tisini hizo, chooni naenda na nani?"

"Nimewauliza hivyo hivyo."

"Wakasemaje?"

"Wamenipa fomu. Na pipi."

Walimpokea vizuri, Hyeongsuk alisema. Walimpa kiti. Dayeon mwenyewe alitoka ndani, macho mekundu, akamwambia asamehewe, kwamba angependa kuandika vingine lakini haandiki anachokisia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Geumrye kuliko yote. Maisha yake yote alikuwa na wa kumtukana.

Siku ya mwisho Mama Ujin alifunga kamba nene kutoka mguu wa kitanda hadi kitasa cha choo, akapiga mafundo ya kushikia. Akaandika dawa kwa herufi kubwa, akabandika ukutani. Kampuni yake ilikuwa imempangia mzee mwingine ng'ambo ya mto, asubuhi zote.

"Kwa nini hukunipiga teke siku ile?" Geumrye aliuliza.

"Ningekupiga teke, ungerudisha. Wangekuongezea alama."

Walicheka kidogo. Mama Ujin akavaa viatu, akakawia na kamba za viatu visivyo na kamba. "Nitapita Jumapili, Mama."

Alipita Jumapili mbili, akamwosha. Ya tatu mume wake alikuwa na homa. Ya nne aliomba radhi kwa simu, na Geumrye akamwambia kwa ukali kwamba asihangaike, yuko mzima, hajapata kuwa mzima hivi.

Kwa walio nje ya daraja mji una msaada wake. Alhamisi mwanamke mpole mwenye kofia ya njano huja, anauliza kama umekula, anakufundisha kupiga makofi kwa mpangilio ili kumbukumbu isikimbie. Alhamisi ya tatu alimkuta Geumrye ameketi ukingoni mwa kitanda, blauzi imefungwa kifungo kimoja, nywele kichaka. Ilikuwa siku ya kumi na nane bila maji mgongoni.

"Leo tutapiga makofi ya kuku na bata, Bibi!"

"Nioshe," akasema Geumrye.

"Eti, Bibi?"

"Siwezi." Neno lilitoka jepesi, bila sabuni yoyote. "Siwezi kujiosha. Siwezi kufika chooni asubuhi. Siwezi kuvaa. Huu mkono ni maiti. Nioshe."

Mwanamke wa kofia ya njano alishika mkono wake, macho yamemjaa huruma. "Bibi yangu, siruhusiwi kugusa mwili. Sina cheti. Ukiteleza mikononi mwangu, nani atajibu?"

"Basi andika. Andika kwamba nimesema siwezi."

"Mimi naandika kama umekula na kama una furaha. Hayo mengine ni ofisi nyingine."

Aliandika kwenye simu yake, mbele ya Geumrye, ambaye macho yake yalikuwa bado mazuri kwa mbali: amekula, anaongea vizuri, mchangamfu. Kisha wakapiga makofi ya kuku na bata, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya. Geumrye alipiga kwa mkono mmoja, pajani.

Jumamosi Hyeongsuk alikuja kwa basi la kwanza. Alifungua mlango, akasimama. Alifungua madirisha yote mawili harufu itoke, akavua saa, akajaza beseni.

Alikuwa hajui kuosha mtu mzima. Alimwagia maji yaliyopoa, akaogopa kukandamiza, akasahau nyuma ya masikio. Kila baada ya dakika alisimama akitazama uso wa mama yake, akingoja atukanwe. Geumrye alikaa kwenye kigoda, kidevu kifuani, akainua kila kilichoambiwa kiinuliwe.

"Mama, nakuumiza?"

"Hapana."

"Sema kitu basi."

"Endelea tu, mwanangu."

Hyeongsuk akauma mdomo, akaendelea. Basi la kurudi lilikuwa Jumapili saa nane mchana. Jumatatu watoto mia sita wangetaka kula. Majibu ya ofisi yalikuwa yamebakiza siku hamsini na nane, na hata yakija mazuri, afisa angerudi kwanza, Jumanne nyingine, na maswali yale yale. Wote wawili walijua.

Baada ya kumvika, Hyeongsuk alishuka dukani karibu na kituo cha basi. Alirudi na mfuko mkubwa uliofungwa mara mbili, akausukuma haraka nyuma ya gunia la mchele, kama mtu anayeficha zawadi.

"Ni nini hicho?"

"Kwa usiku tu, Mama."

"Usiku tu."

"Na asubuhi. Mpaka ufike ule muda ambao mwili unalegea." Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ameugeuza, anatafuta mkasi kwenye droo ambayo haikuwa na mkasi. "Na siku nikiwa sipo."

Mfuko ulikuwa wa plastiki nyembamba na kila kitu kilionekana. Juu ya pakiti palikuwa na picha ya bibi mwenye nywele nyeupe anaendesha baiskeli, anacheka. Chini ya gurudumu walibandika bei. Nepi za watu wazima, vipande kumi, won elfu kumi na mbili mia nane.